Bei za hospitali zikipangwa na serikali Unguja, si watu watapanda boti tu?

DarajaBovu_Kwetu

Assalaam alaykum wanajamvi, wakubwa zangu shikamooni. Nna suali limetushinda maskani, tumebishana mpaka muuza kahawa kakusanya vikombe vyake kaondoka, nikaona nililete huku.

Kuna jamaa yetu anasema hizi bei za hospitali binafsi za mjini, kila mmoja na yake, ekserei ileile hapa bei hii ukivuka barabara bei nyengine, dawa yake ni serikali ikae ipange. Ikishapanga basi, ulipe mfuko wetu wa afya wa serikali ya Zanzibar, ZHSF, ilipe kampuni ya bima, alipe mtu kwa hela yake mfukoni, ukiingia hospitali hiyo wote bei moja. Mie nikamwambia sawa sheikh ila umesahau sisi tunakaa kisiwani na boti ya Dar ni masaa mawili tu. Ukizibana sana bei huku yule daktari bingwa alokuja juzi anafunga begi anarudi zake. Ukiziacha zikapanda, mwenye uwezo anakwenda kutibiwa Dar na hela anaiacha kule, huku wanabaki waso kitu na hospitali inakufa njaa. Na afya si jambo la Muungano, wizara yetu na wizara ya Bara ni mbili mbali mbali, bei utayoipanga Unguja ikifika Kigamboni haina nguvu tena.

Akanijibu ati kuna jimbo Marekani linaitwa Maryland, serikali inapanga bei za hospitali toka miaka ya sabini na limepakana na Washington ambako hakuna anaepanga, watu wanavuka kwa treni ya mjini wala sio boti, na mpaka leo sistimu ipo. Hapo nikakwama. Kweli hayo? Na kama kweli, mbona hospitali za upande wa pili hazijawamaliza? Nataka jibu la mtu anaejua, sio la kutoka kichwani.

mtoto_wa_Jangombe

La kutoka kichwani ndo nnalo mie kaka. Panda hiyo boti mwezi wa saba kusi imechachamaa, ukifika Dar ushatapika mpaka jina lako, utaona bei ya Unguja ilikuwa nafuu 😂😂 haya wataalamu karibuni

Mnazi_Ughaibuni

Waalaykum salaam. Mie nakaa huku Maryland muda sasa na kazi yangu ni ofisi ya malipo ya hospitali, kwa hivo hili ndo wali wangu wa kila siku. Ntaandika refu munisamehe.

Jamaa yako hakudanganya. Mwaka 1971 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuunda tume, inaitwa Health Services Cost Review Commission, wajumbe 7 wanateuliwa na gavana. Miaka michache baadae ikaanza kupanga bei, na 1977 serikali kuu ikakubali kwamba Medicare, ile bima yake ya wazee, nayo ilipe kwa bei za tume badala ya bei zake yenyewe. Mambo yote yamekaa juu ya kitu hicho kimoja. Zama hizo si Maryland peke yake, majimbo kama 30 yalikuwa na namna fulani ya kusimamia bei za hospitali, New York, New Jersey, Massachusetts, hata West Virginia hapa jirani, na moja moja yakaachana nayo. Maryland ndo imebaki na mpango wa walipaji wote, yaani kila anaelipa analipa bei ya tume.

Kwengineko Marekani hospitali moja, kitanda kimoja, Medicare inalipa bei yake ya chini, kampuni binafsi inalipa kwa wastani zaidi ya mara mbili ya hiyo, na aso bima anapelekewa bili kubwa kuliko wote yaani yule mnyonge ndo anapigwa zaidi. Huku hakuna hicho. Hospitali na hospitali bei zinatofautiana ila ndani ya hospitali moja wote sawa, Medicare na Medicaid ile ya watu masikini wana punguzo dogo tu. Na ukitoka Virginia au Pennsylvania ukalazwa Baltimore unalipa bei hiyohiyo ya tume, haiangaliwi umetoka wapi. Matibabu ya wasioweza kulipa yameshatiwa ndani ya bei na mzigo unagawanywa hospitali zote, kwa hivo hospitali haina haja ya kumkwepa fukara.

Sasa njoo kwenye mpaka. Watu wanadhani mpaka unavuta upande mmoja tu, kwenye bei rahisi. Sivo. Mwenye bima binafsi, hospitali ya Washington inamtaka sana mana itamlipisha ile bei kubwa iliyopatana na kampuni yake, lakini kampuni yenyewe inaomba dua abaki Maryland. Mzee wa Medicare kinyume chake, akitibiwa Maryland serikali kuu inalipa zaidi kuliko angevuka. Kwa hivo huyu anavutwa huku na yule anavutwa kule, hakuna wimbi moja la kuhama. Na mgonjwa mwenyewe, wallahi hata huku hachagui hospitali kwa bei, anakwenda alikotumwa na daktari wake.

Na hapo pa daktari nikujibu lile la bingwa kufunga begi. Tume inapanga bei za hospitali tu, ada ya daktari haimo. Mtu anaona Maryland wamepanga "bei za matibabu" kumbe wamepanga kitanda, chumba cha oparesheni, maabara na vitu kama hivo. Mukitaka kupanga na ada ya daktari huko Unguja hiyo ni hatua nyengine kabisa na mimi singeanzia hapo.

Halafu wenye hospitali nao hawakukaa kusubiri. Hospitali kubwa ya Johns Hopkins ya Baltimore ina hospitali nyengine Washington inaitwa Sibley, waliichukua 2010, iko nje ya jimbo kwa hivo tume haiigusi. MedStar, shirika jengine la hospitali, wana hospitali pande zote mbili za mpaka. Wewe unasema upande wa pili utawamaliza, upande wa pili ni wao haohao.

Hesabu_Vuga

Ahsante kaka wa ughaibuni, umeeleza vizuri ila ngoja niwarudishe nyumbani mana naona watu wanachanganya mambo mawili. Mimi ni muhasibu, kazi yangu ni madai ya bima hapa mjini, sitosema wapi.

Hapa kwetu hakuna serikali iliyopanga bei kwa kila anaelipa. Kuna mfuko unaopanga bei utakazolipa wenyewe. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Munakumbuka Bara, mfuko wao wa bima ya afya NHIF walivoleta kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei watakazolipa, kikaanza tarehe 1 Machi 2024? Hospitali binafsi zikalalamika bei haifidii gharama, baadhi zikasimamisha kuwapokea wanachama, mtu ana kadi mkononi anaambiwa lipa taslimu au nenda kwengine. Sasa jiulizeni waliwezaje kugoma. Waliweza kwa sababu ukimkataa mwanachama wa NHIF bado unae wa bima binafsi na unae wa pesa taslimu, na hao wanalipa bei uliyoiandika wewe. Maryland hospitali ikigoma itakwenda kwa nani, kila mlango ukigonga unakuta bei ileile. Kwa hivo sistimu ya mlipaji mmoja kupanga bei yake ina mlango wa kutokea, na huo mlango hauhitaji hata boti, uko palepale mapokezi.

Na hata wasipogoma, ukimbana mlipaji mmoja chini ya gharama hospitali inasukuma lile pengo kwa mwengine. Mara nyingi huyo mwengine ni mtu alokuja na hela zake za kukopa.

ZHSF yetu bado changa, sheria yake ya 2023, ilianza na watumishi wa umma. Ikikua ikabeba watu wengi sauti yake kwenye bei itakuwa kubwa, hilo sikatai. Ila kuwa mnunuzi mkubwa ni kitu kimoja na kupanga bei ya soko zima ni kitu chengine, inataka sheria yake na inataka tume yenye hesabu za kila hospitali mezani. Na hapo kwenye hesabu ndo patamu, muulizeni huyo kaka, Maryland hospitali lazima ipeleke hesabu zake za gharama kwa tume kila mwaka kwa fomu moja. Hapa kwetu we nenda kamwambie mwenye hospitali binafsi akuoneshe oparesheni ya uzazi inamgharimu ngapi uone atakavokutizama.

DarajaBovu_Kwetu

Hapo pa kugoma nimepaelewa vizuri sana, ntakwenda nalo maskani. Lakini bado suali langu lina mguu mmoja umebaki nje. Mtu wetu akipewa rufaa ya Dar, Muhimbili, au moyo pale taasisi ya JKCI, au saratani Ocean Road, ile bei ni ya kule. Tume yetu hata ikiwa na meno kama papa itafanya nini? Si ndo mgonjwa wa gharama kubwa kuliko wote huyo? Kupanga bei ya kidole kilichokatika huku, halafu moyo na saratani zinalipwa bei ya mwengine, mie naona kama hatujafanya kitu. Kaka wa Maryland vipi hilo.

Mnazi_Ughaibuni

Suali zuri, na usidhani wao hawakuumia hapo.

Anza na hili. Mwaka 1976 gharama ya mgonjwa mmoja kulazwa Maryland ilikuwa juu ya wastani wa nchi kwa asilimia 26, miaka thelathini baadae ikashuka mpaka chini kidogo ya wastani. Watu wakashangilia. Lakini tume ilikuwa imebana bei ya kulazwa mara moja, haikubana idadi ya kulazwa, kwa hivo hospitali zikawa zinalaza tu, leo huyu kesho yule. Ikabidi 2014 wafanye mkataba mpya na serikali kuu, badala ya bei ya kila huduma hospitali inapewa bajeti ya mwaka mzima. Mapato ya hospitali kwa kila mkaazi yasikue zaidi ya asilimia 3.58 kwa mwaka, na Medicare iokolewe dola milioni 330 ndani ya miaka mitano, na waliipita hiyo.

Bei bado zipo, ila sasa zinapanda na kushuka zifuate bajeti. Wagonjwa wakipungua hospitali inaruhusiwa kupandisha bei zake kidogo, mpaka asilimia 5 bila kuomba ruhusa, ili ifike kwenye bajeti yake. Wakizidi inazishusha. Mgeni akisikia anaona kichekesho, hospitali tupu ndo ghali. Lakini maana yake hospitali haina tena haja ya kumng'ang'ania mgonjwa wa kisukari arudi arudi.

Na hapo ndo mpaka ukaleta balaa jipya. Fikiria hospitali ya Cumberland, kule magharibi ya jimbo, West Virginia iko ng'ambo ya mto na Pennsylvania iko karibu. Imepewa bajeti yake. Mgonjwa akivuka kwenda Morgantown, bajeti ya Cumberland ipo palepale, na bima inalipa tena kule Morgantown, yaani mgonjwa mmoja kalipiwa pande mbili. Mgonjwa akihama hospitali moja ya Maryland kwenda nyengine ya Maryland tume inamuona na inahamisha pesa imfuate. Akitoka nje ya jimbo ni shida kumfata. Na kinyume chake pia, Hopkins inapokea watu kutoka majimbo mengine na nchi za nje, ukiitia kwenye bajeti ya kufungwa itasema basi nisipokee wageni, ikabidi wagonjwa wa nje watafutiwe utaratibu wao mbali.

Walivoziba, na hapa ndo jibu lako DarajaBovu, ni kubadilisha wanachohesabu. Mkataba ulioanza 2019 haukuhesabu pesa ilioingia majengo ya Maryland, ulihesabu pesa yote ya Medicare ilotumika kwa mkaazi wa Maryland, popote alipotibiwa. Akivuka mpaka bili inamfata jimboni kwake. Kwa hivo jimbo halina faida ya kumsukumia mtu Washington ati apunguze hesabu zake.

Na kama munataka mfano unaofanana na nyie zaidi usiangalie Maryland, angalia Vermont. Jimbo dogo, watu kidogo, wana bodi yao toka 2011 inaitwa Green Mountain Care Board, inapitisha bajeti za hospitali zao. Sasa watu wa upande wa mashariki wengi hospitali yao kubwa ya rufaa ni ya Dartmouth, iko Lebanon, New Hampshire, ng'ambo ya mto Connecticut. Bodi haina hata herufi moja ya mamlaka kule. Hiyo ndo Unguja na Muhimbili, tofauti wao wana daraja.

Kwa hivo kwa rufaa hamuwezi kupanga bei, munaweza kupatana bei. Mfuko wenu unakwenda kule kama mnunuzi, unasema mimi naleta wagonjwa wangu wote wa moyo kwako, nipe bei moja kwa kila oparesheni na iwe imejumuisha na kulazwa. Nguvu yako kule ni idadi ya watu unaowapeleka, sheria yako imeishia bandarini.

Bi_Chasasa

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma mote humu na wala sikatai, lakini nyie munozungumza ushindani wa bei ni watu wenye hospitali za kuchagulia. Mie niko Wete. Tuna hospitali yetu hapa, kuna Chake, kuna Abdalla Mzee kule Mkoani, na ukienda hizo za serikali bei sio inayokutoa nyumbani. Kinachokutoa ni kuambiwa kipimo hiki hapa hakuna au daktari wa kitu hichi hayupo, basi fomu ya rufaa mkononi.

Sasa kuna mtu wa Pemba alokaa akapima bei ya Unguja na ya Dar na ya Tanga na ya Mombasa akachagua? Wapo, wenye watoto wao Uarabuni wanaotuma hela, na wengi wao wanakwenda Tanga au Mombasa mana kuna ndugu wa kumpokea, sio kwa bei. Mwanamke mjamzito kaambiwa mtoto kakaa vibaya, unampangia bei ipi. Mie nilimuuguza mama mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, ile bili ya hospitali ndo iliyokuwa ndogo, iliyotumaliza ni meli, na mtu wa kumlinda kitandani ambae nae anakula, na nyumba ya kufikia, na kurudi kila baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya kliniki. Hiyo tume yenu ya Maryland inahesabu hilo? Kama hesabu inamfata mgonjwa basi imfate mpaka kwenye meli.

Na lile serikali ilotangaza baada ya Mapinduzi, matibabu bure, sisi wengine tumelelewa nalo. Ukimwambia mtu wa huku "bei" anaanza kwa kukunja uso. Sio kwamba hatujui bure ina gharama, ila mukileta tume ya bei jueni kwanza munaileta kwa nani, mjini labda, huku mukileta daktari wa mifupa akakaa mutakuwa mushapanga bei ya watu wengi sana bila ya kikao chochote.

mtoto_wa_Jangombe

Bi Chasasa nimekuvulia kofia. Mungu amlaze pema mama.

Hesabu_Vuga

Ameen. Bi mkubwa umesema kitu ambacho kwenye makaratasi yetu hakipo, nauli na msindikizaji haviingii kwenye dai lolote nnalolijaza mimi. Nimeona mtu analipiwa siti skani ya hela nyingi halafu haiendi mana hana nauli ya kuifata.

Ila nimalizie la mjini mana hakuna alieligusa. Tukizungumza bei moja kwa wote Unguja, mpinzani wa kwanza hatokuwa Dar. Atakuwa mtalii. Toka tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa kutoka nje ya nchi wanaoingia lazima wakate bima ya Zanzibar, ilianza kwa dola 44 mtu mzima, kupitia Shirika la Bima. Mtalii kaanguka na pikipiki Paje anakuja na mtu wa kumlipia nyuma yake. Na hospitali nyingi binafsi zina bei ya mgeni na bei ya mwenyeji, tusidanganyane, na ile ya mgeni ndo inayolipia mashine zote munazoziona zinang'ara.

Kaka wa Maryland kasema kule haiangaliwi umetoka wapi. Ukileta sheria hiyo hapa una mambo mawili, ama bei ya mgeni inashuka kuja kwa mwenyeji na mwenye hospitali anapoteza kile kilichokuwa kinambeba, ama bei ya mwenyeji inapanda kidogo kidogo kumfata mgeni, na hapo ndo watu watapanda boti kweli. Au munaitenga bei ya mgeni rasmi kwenye sheria, kama walivowatenga wagonjwa wa nje wa Hopkins kwenye bajeti. Mie naona hilo la tatu ndo litalopita Baraza la Wawakilishi, na ndo hilo hilo watu wa hospitali watalopigania kimyakimya, mana likipita kila mtu ataanza kutafuta mgeni wa kumlaza kwanza.

DarajaBovu_Kwetu

Aisee. Sasa hapo vitanda je? Mana kama mgeni yuko nje ya bei ya tume na mwenyeji yuko ndani, kitanda kikiwa kimoja usiku wa saa nane si kinajulikana cha nani.

Hesabu_Vuga

Ndo maana nikasema wao walitia gharama za waso uwezo ndani ya bei ya kila mtu na wakagawana. Sisi tukiitenga ya mgeni inabidi sehemu ya hela yake irudi kwenye kitanda cha mwenyeji kwa sheria, tena iandikwe asilimia, sio "hospitali zitahimizwa". Ukiona rasimu imeandikwa "zitahimizwa" we nenda kakate tiketi ya boti mapema, siti za mbele zinajaa.